Miundo ya nano katika dawa za saratani: kubeba na kutambua

Dawa nyingi za saratani zina nguvu ya kutosha. Kasoro yake ni kutochagua. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotundikwa kama dripu, huua seli za uvimbe, lakini hudhuru moyo pia. Ndiyo maana madaktari hujumlisha kipimo chote alichopewa mgonjwa tangu mwanzo, na kikifika kikomo husimamisha. Hapo ndipo linapoingia wazo la kuipa dawa kibebeo badala ya kuiacha izurure mwilini peke yake.

Muundo wa nano ni kitu kilichoundwa kwa kipimo cha nanomita 1 hadi 100 hivi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo tunazungumzia vitu vidogo mno: viputo vya mafuta viitwavyo liposomu, chembe za dhahabu, mirija ya kaboni, vitufe vya boroni na nitrojeni.

Mfano uliokwisha kufika hospitalini ni Doxil, yaani doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ndani ya kila kiputo mna chumvi ya amonia salfeti. Doksorubisini hupenya ukuta wa mafuta, ikifika ndani hukutana na salfeti na kuganda kuwa fuwele, kisha haitoki tena kirahisi. Kiputo kimoja hubeba maelfu ya molekuli za dawa. Nje huvishwa polima ili seli za kinga zisikimeze mapema. Moyo hupata nafuu, ila sasa viganja na nyayo za baadhi ya wagonjwa huwa vyekundu na kuchubuka: kibebeo hakikufuta madhara yote, mengine kimeyahamisha.

Kwa nini kiputo kiende kwenye uvimbe? Mishipa ya damu ya uvimbe hukua harakaharaka na kubaki na mianya, na chembe ndogo hupenya humo. Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza hilo mwaka 1986. Lakini mapitio ya tafiti za wanyama yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kuwa, kwa kawaida, chini ya asilimia 1 ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Wanaoviita vibebeo hivi makombora yasiyokosa shabaha wanatia chumvi.

Kutambua dawa ni kazi nyingine, ingawa chanzo chake ni kilekile: namna dawa inavyoushika uso wa chembe. Molekuli ikigusa uso huo, elektroni hujipanga upya, na uwezo wa kupitisha umeme unaweza kubadilika. Kihisi husoma mabadiliko hayo na kukadiria dawa iliyomo katika damu au maji. Doksorubisini ina hulka ya kufurahisha zaidi. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa rangi ya machungwa. Ikinatishwa kwenye oksidi ya grafini, utando mwembamba mno wa kaboni wenye oksijeni, mng'ao hufifia, ikiachiwa hurudi. Hivyo kibebeo chenyewe huweza kutoa taarifa kwamba mzigo umeshuka.

Ugumu uko kwenye nguvu ya mshiko. Kihisi kinataka mshiko mwepesi, ili dawa ibanduke na kifaa kitumike tena. Kibebeo kinataka mshiko unaovumilia safari ya kwenye damu, yenye pH 7.4, kisha ulegee ndani ya vifuko vya seli ambako asidi hushusha pH hadi karibu 5. Ni nadra uso mmoja kutosheleza yote mawili.

Tafiti nyingi za fluorourasili, dawa nyingine ya saratani, juu ya vitufe vya boroni na nitrojeni huupima mshiko huu kwa kompyuta tu, mara nyingi molekuli moja katika ombwe au katika maji ya kukadiriwa. Kwenye damu halisi, protini huifunika chembe ndani ya muda mfupi sana, na uso unaokutana na seli si ule uliopigiwa hesabu.