Ubunifu wa elimu hauhitaji shindano, unahitaji nauli

Wafadhili wakitaka kuchochea ubunifu mashuleni, wengi huanza na shindano: leta andiko, mshindi apewe fedha. Mimi nafundisha vijana wa kujitolea wanaoendesha vikundi vya kusoma vya jioni Ilemela, Magu na Ukerewe, mkoani Mwanza, na mashindano siyaamini sana. Ukishawashindanisha watu, mwenye wazo zuri analikalia.

Mtindo wetu tumeutoa mbali. Pratham, shirika la hisani lililoanzia Mumbai, India, miaka ya 1990, ndilo lililotufunza kuwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma, bila kujali umri wala darasa. Kwenye wilaya ya Jaunpur, hukohuko India, watafiti walilijaribu hilo pamoja nao. Wanakijiji walipoitwa mikutanoni na kuelezwa hali ya elimu, shuleni hakikubadilika kitu. Vijana wa kujitolea walipofundishwa kuendesha kambi za kusoma, watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Ila waliohudhuria walikuwa wachache, na hapo ndipo penye kazi.

Kupima tunapima kwa ngazi zilizozoeleka tangu Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania mwaka 2010: silabi, maneno, aya, hadithi. Dakika chache tu, mtoto mmoja mmoja.

Sasa tazama wazo linavyotembea. Kule Igombe, Ilemela, watoto wa ngazi ya silabi walikuwa wanaimba "sa se si so su" vizuri kabisa, lakini ukizichanganya wanakwama. Dada anayewafundisha akakata maboksi, akaandika silabi moja kwa kila kipande, kisha akawaambia wapange majina ya vitu vya mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki: sa-to, da-ga-a, ka-si-a. Mtoto aliyetafuta mwanzo wa "sangara" akaenda kuinyakua "sa" ya sato mkononi mwa mwenzake. Wakagombana, na katika kugombana wakaelewa kwamba ni ileile.

Hatukuandika mwongozo. Tulimlipia nauli kijana wa Magu akae kwenye kipindi kizima, arudi kwao ajaribu, abadilishe kitu kimoja, apime upya. Akaweka pamba na mtama badala ya samaki. Pia akaleta habari mbaya: waliofika ngazi ya hadithi wanachoshwa na kadi. Tukaziondoa kwao. (Ripoti yake ilikuwa sauti ya WhatsApp, na jogoo anawika katikati.)

Lililonifurahisha zaidi halikuhusu ufundishaji. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi wanapumzika. Siku za giza watoto wa mialoni huamkia kuanika dagaa, na jioni kikundini huwaoni au wanasinzia. Kikundi kimoja Ukerewe kikaacha ratiba ya wiki kikafuata mwezi: vipindi vingi wakati wa mbalamwezi, vichache wakati wa giza. Mahudhurio yakatulia. Ofisini nisingeliwaza hilo, maana ratiba zote nilizowahi kuzipanga zilianza Jumatatu.

Igombe wameiga. Magu hawakuwa na haja nayo. Wao kinachowavuruga ni mavuno ya pamba, na dawa yake bado wanaitafuta.