Nafasi Iliyobaki Ndegeni Si Huduma ya Usafirishaji

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka na shehena za vyama vya hisani vya hapa Marekani vinavyopeleka vifaa vya misaada nje ya nchi, na kuna kauli moja ambayo nimekwisha kuchoka kuisikia: kwamba serikali husafirisha misaada bure, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujaza ghala na jambo la pili ni kutafuta fomu. Wiki hii nimeisikia tena, kutoka kwa kikundi cha watu wema kabisa ambao wamelipa pango la ghala kwa miezi kadhaa, wamekusanya vitanda vya hospitali, madawati na magunia ya nguo, na bado hakuna hata mmoja wao aliyeweza kunitajia jina la taasisi itakayopokea mzigo huo. Naandika kwa sababu kosa lao haliko katika fomu. Liko katika mpangilio wa mambo, na mpangilio huo ukishapinduka hakuna afisa anayeweza kuunyoosha.

Imani hii ina chembe ya ukweli. Mpango wa Denton, ambao hupakia misaada katika ndege za jeshi la Marekani, upo kweli, na umepewa jina la Jeremiah Denton, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani ambaye ndege yake ilidunguliwa Vietnam mwaka 1965, akakaa kifungoni hadi mwaka 1973, na mwaka 1966, alipolazimishwa kuhojiwa mbele ya kamera, akakonyeza macho kwa alama za Morse kueleza kwamba wafungwa walikuwa wakiteswa. Baadaye aliliwakilisha jimbo la Alabama katika Seneti kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na katikati ya miaka ya 1980 alisukuma mabadiliko ya sheria ambayo leo yanasomeka katika kifungu cha 402 cha juzuu la 10 la Sheria za Marekani. Kifungu hicho kinampa Waziri wa Ulinzi idhini ya kusafirisha kwenda nchi yoyote, bila malipo, vifaa vya misaada ya kibinadamu vilivyotolewa na watu au taasisi zisizo za serikali. Kinampa idhini; hakimpi wajibu. Na palepale kinaongeza sharti ambalo karibu kila anayenipigia simu huliruka: vifaa hivyo vitasafirishwa tu pale ambapo kuna nafasi iliyobaki.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panaponiudhi zaidi. Nafasi iliyobaki maana yake ni kwamba ndege ilikuwa na safari yake kabla mzigo wako haujafikiriwa. Pengine marubani wanahitaji saa za mafunzo ya masafa marefu; pengine ndege inakwenda kuchukua askari au mitambo na ingeruka tupu upande wa kwenda. C-17, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, huchukua paleti 18 za kijeshi, yaani majukwaa ya kupangia mizigo, zile za alumini zenye upana wa inchi 88 na urefu wa inchi 108, na kila paleti moja haitakiwi kubeba zaidi ya ratili 10,000. Iwapo paleti tano kati ya hizo hazina kitu, na iwapo ndege inaelekea unakotaka, basi mzigo wako unaweza kupanda. Asubuhi ya safari ikitokea kwamba jeshi linahitaji paleti hizo tano, mzigo wako unashuka, hakuna mtu atakayekuomba radhi, na kwa kweli hakuna anayepaswa kukuomba radhi, kwa sababu hukuahidiwa chochote. Mpango huu hauna ratiba. Mtu anayeniuliza mzigo wake utafika tarehe gani bado hajaelewa alichokiomba.

Kwa sababu hiyo, bidhaa yoyote yenye tarehe haifai kwa njia hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu michango ya dawa unataka dawa ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai uliobaki zinapofika nchi zinakopelekwa. Hesabu hiyo huanza siku ya kufika, si siku ya kufungwa katoni, na huwezi kuipiga kwa uaminifu ikiwa hujui utafika lini. Kitanda cha hospitali kinaweza kusubiri, na gari la zimamoto linaweza kusubiri vilevile, ndiyo maana vitu vya namna hiyo hupita vizuri katika mpango wa Denton. Dawa zinazohitaji ubaridi hazisubiri.

Viwango vya uzito nitavipita haraka, kwa kuwa vimeandikwa wazi katika maelekezo ya mpango: chini ya ratili 2,000, yaani takriban kilo 900, maombi hayapokewi, na juu ya ratili 100,000 vilevile. Kufikisha mzigo katika kambi ya anga ni jukumu na gharama ya mwenye mzigo. Pima uzito kwa mizani, usikadirie.

Turudi kwenye sheria, kwa maana kifungu cha 402 kinasema jambo ambalo watu wa maghala wangelisoma mara moja tu wangebadilisha mwenendo wao wote. Kabla ya kusafirisha, Waziri anatakiwa kujiridhisha kuhusu mambo matano: kwamba usafirishaji huo haupingani na sera ya nje ya Marekani, kwamba vifaa vinafaa kwa misaada ya kibinadamu na viko katika hali ya kutumika, kwamba walengwa wana uhitaji wa kweli wa vifaa hivyo, kwamba vitatumika kweli kwa kazi ya kibinadamu, na kwamba mipango ya kutosha ya kuvigawa katika nchi inayopokea imekwisha kufanywa. Sharti moja tu kati ya hayo matano linauliza habari za vitu vyenyewe. Moja ni la kisiasa, na matatu yanahusu watu walio upande wa pili. Kikundi kilichotumia mwaka mzima kukusanya vitu kimefanya kazi ya sharti moja, na hata hilo mara nyingi kimelifanya nusu.

Nasema nusu kwa sababu hali ya kutumika hupimwa mahali kifaa kitakapotumika. Mashine ya hospitali ya hapa imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na masafa ya hezi 60. Ukiipeleka Honduras itafanya kazi, kwa sababu umeme wa huko unafanana na wa hapa. Ukiipeleka katika nchi inayotumia volti 230 na hezi 50, watu watakuambia ununue transfoma, na transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha masafa, hivyo mota au saa ya ndani iliyotegemea hezi 60 itakwenda vibaya. Mpokeaji makini atakuandikia hayo kabla hujafunga kreti. Mpokeaji asiyekuwepo hawezi kukuandikia chochote.

Mpokeaji huyohuyo ndiye anayebeba sehemu ambayo neno «bure» haliigusi kamwe. Ndege ikishatua, jeshi la Marekani limemaliza kazi yake. Kinachofuata ni forodha ya nchi husika, na forodha haiulizi nani alilipa mafuta ya ndege; inauliza barua ya msamaha wa ushuru, orodha ya vilivyomo ndani ya kila kreti, jina la mpokeaji lililoandikwa sawasawa katika kila karatasi, na kwa dawa, kibali cha mamlaka ya dawa. Karatasi moja ikipungua, tozo za ghala zinaanza kuhesabiwa kila siku. Msamaha wa ushuru unaoombwa baada ya mzigo kufika ni ombi dhaifu, kwa sababu kila siku ofisi inapochelewa kujibu, gharama inapanda kwa upande wako na haipandi kwa upande wake. Nimeona shehena iliyosafiri bila malipo ikidaiwa tozo zilizozidi thamani ya vilivyomo, na mpokeaji, shule ndogo isiyo na akiba, ikabaki na deni la zawadi ambayo haikuiomba. Hilo haliwezi kuitwa msaada.

Kwa bahari hali ilikuwa tofauti kidogo. Kwa miaka mingi USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, ilikuwa na mpango wa kurejesha nauli ya meli kwa mashirika ya hiari yaliyosajiliwa nayo, na watu waliuchanganya na Denton kila siku. Ule ulikuwa ruzuku ya kushindaniwa, na uliitwa wa kurejesha kwa sababu ulirejesha: shirika lililipa kwanza, likapeleka ushahidi, likarudishiwa. Pia mizigo inayogharimiwa na serikali hufungwa na Sheria ya Upendeleo wa Shehena ya mwaka 1954, inayotaka angalau nusu ya uzito ipakiwe katika meli zenye bendera ya Marekani, ambazo nauli zake kwa kawaida ni za juu. Upo tena utaratibu wa Wizara ya Ulinzi wa kugharimia usafirishaji wenyewe, na mwingine wa kutoa mali ya ziada isiyo silaha, lakini hiyo ni milango mingine yenye funguo zake, na barua ya maombi ya mpango mmoja haifai kwa mwingine.

Kuna mambo katika mpango huu ambayo mimi mwenyewe sina utulivu nayo. Sharti la nne, kwamba vifaa vitatumika kweli kwa kazi ya kibinadamu, linaamuliwa kabla mzigo haujaondoka, na kwa hiyo uamuzi huo unasimama juu ya ahadi. Sheria inakataza vifaa hivyo kugawiwa kundi lolote la kijeshi au la wanamgambo, moja kwa moja au kwa kuzunguka, lakini kreti likishatoka katika uwanja wa ndege anayelifuata ni mpokeaji peke yake. La pili linanisumbua zaidi. Nafasi iliyobaki hupatikana pale ndege za jeshi zinapokwenda kwa shughuli zake, na Honduras imenufaika sana na mpango huu kwa kiasi kikubwa kwa sababu Marekani ina kikosi katika kambi ya Soto Cano na ndege huenda huko mara kwa mara. Wilaya yenye shida kubwa kuliko zote, iliyo mbali na njia za ndege hizo, haitapata kitu hata kama barua zake ni safi. Ramani ya misaada ya namna hii huchorwa na jeshi kabla haijachorwa na uhitaji, na sidhani kama kuna marekebisho ya fomu yatakayoondoa hilo.

Sina utulivu pia na magunia ya nguo. Katika maombi yote ninayosaidia kuyaandaa, nguo ndizo ambazo uhitaji wake ni mgumu kuliko wote kuthibitisha, kwa sababu karibu kila mahali zinauzwa, na zikigawiwa bure zinamwondolea mteja mama anayeishi kwa kuziuza. Huwa nashauri ziondolewe, na ushauri huo ndio unaokasirisha watu kuliko mwingine wowote ninaoutoa.

Kwa walioshika miongozo ya zamani: tarehe 1 Julai 2025 USAID iliacha kutekeleza misaada ya nje, na kazi zilizobaki zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Kifungu cha 402 kinampa idhini Waziri wa Ulinzi, kwa hiyo hakikutegemea USAID kuwepo, lakini kila karatasi inayokuelekeza kupeleka maombi USAID imepitwa na wakati. Anza na barua ya mpokeaji: aeleze anahitaji nini, kwa idadi gani, atakihifadhi wapi, nani ataombea msamaha wa ushuru na katika ofisi ipi, nani atalipa lori kutoka uwanja wa ndege. Ukiwa nayo mkononi, ndipo tuzungumze habari za ghala.