Wamemuloga? Parkinson, kamari na mkebe wa baba mkubwa

Mama mkubwa alipandia kiti ateremshe mkebe wa maziwa ya unga wa kuwekea pesa juu ya kabati, akaona mwepesi mno. Ndani mlikuwa na tiketi za kubeti mechi, zimekunjwa moja moja. Nyuma ya kila moja baba mkubwa alikuwa ameandika majina ya timu kwa bic. Kwenye tiketi za zamani yalisomeka vizuri. Kwenye za karibuni yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Mwandiko kusinyaa hivyo ni dalili inayojulikana ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo alionao baba mkubwa. Kubeti ndiko kulikotushangaza, maana huyu ni mtu aliyekuwa akifungua gunia la makala (mkaa) na kuangalia hadi chini kabla ya kulipa.

Hapa Katuba, Lubumbashi, majibu yalikuwa tayari.

“Wamemuloga.” Hapana. Parkinson hutokea pale chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapokufa. Dopamini inasaidia viungo kutembea, lakini ndiyo pia inayomwonyesha mtu kwamba jambo fulani lina faida, alirudie. Ikivurugika, uamuzi nao huvurugika. James Parkinson mwenyewe, daktari wa London, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1817 aliandika kwamba akili haiguswi. Hapo alikosea, na mpaka leo wengi wanaamini ni ugonjwa wa kutetemeka tu.

“Basi ni ugonjwa ndio unampeleka kwenye kamari.” Hapa hata wasomi huteleza. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake, huko Marekani, waliwapa wagonjwa mchezo wa kuchagua alama, nyingine zikilipa mara nyingi, nyingine mara chache. Wasiokuwa wamemeza dawa walijifunza zaidi kukwepa zinazopoteza. Wenye dawa mwilini walijifunza zaidi kufuata zinazolipa. Yaani bila dawa mgonjwa huelekea kuwa mwoga wa hasara. Dawa ikiingia, hasara haimuumi sana.

Na dawa zote si sawa. Levodopa hugeuzwa na mwili kuwa dopamini. Kundi jingine, agonisti za dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli, hujifanya dopamini zenyewe, na hizi ndizo hasa za kuangaliwa. Fikiria shamba: tuta moja limekauka, la jirani lina unyevu bado. Ukimwaga maji ya kulitosha lile kavu, la jirani linafurika. Sehemu ya ubongo ya mwendo ndiyo kavu. Ya tamaa na zawadi ndiyo inayofurika. Katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,000 wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka 2010, matatizo haya yalionekana kwa kama 17 katika kila 100 waliotumia agonisti, na kama 7 kwa wasiozitumia. Si kamari peke yake: kuna kununua ovyo, kula bila kushiba, na tamaa ya ngono, ambayo watu huificha hata kuliko pesa.

“Alikuwa hivyo tangu zamani, sasa imefichuka.” Neno hili lilimliza mama mkubwa kuliko pesa zenyewe. Ni kweli, aliyewahi kucheza kamari au kunywa sana yuko hatarini zaidi, na vijana kuliko wazee. Lakini inampata hata mtu aliyekuwa hajawahi kununua tiketi moja. Baba mkubwa aliweza kukueleza vizuri kabisa kwa nini kubeti ni ujinga, halafu jioni akatoka.

“Tupa hivyo vidonge.” Hatari. Agonisti zikikatwa ghafla huleta hofu kali, jasho na huzuni. Levodopa ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa kwa homa hadi kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo, na munganga, yaani daktari, ndiye anayepanga. (Jirani alileta upupu, eti ni wa asili. Mbegu zake zina levodopa hiyohiyo, ila hakuna anayejua amekupimia kiasi gani.)

Munganga alishusha agonisti polepole, akaongeza levodopa, na simu yenye pesa ikakaa kwa mama mkubwa kwa makubaliano yao wawili. Siku ile munganga alimuuliza mzee kwa nini muda wote huo hakusema kitu.

“Kila nikija munaniuliza habari ya mukono,” akajibu.