Kwa nini ninamweka Kasparov juu ya Carlsen na Fischer

Swali la nani mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya sataranji halimaliziki mabarazani kwetu, na sababu yake ni kwamba wanaobishana huwa hawapimi kitu kimoja. Vijana ninaowafundisha hapa Mji Mkongwe, ambao wengi wao wamejifunzia mchezo huu kwenye simu, humtaja Magnus Carlsen wa Norway bila kusita. Wazee waliofuatilia pambano la ubingwa wa dunia la Reykjavik mwaka 1972 humtaja mshindi wake, Bobby Fischer wa Marekani, na hawataki kusikia jina jingine. Jibu langu ni Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa miaka ya 1985 hadi 2000, na ninataka kulieleza kwa utaratibu, kwa sababu mjadala huu ukifanywa vizuri humfundisha mtu sataranji yenyewe.

Kipimo kinachotajwa kwanza ni alama za Elo, mfumo uliotungwa na Arpad Elo na kukubaliwa na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Carlsen alifika alama 2882 mwezi wa Mei 2014, na hakuna mwingine aliyewahi kufika hapo. Kilele cha Kasparov kilikuwa 2851 mwaka 1999, na cha Fischer 2785 mwaka 1972. Lakini alama hizi hazipimi ubora wa mchezo wa mtu peke yake. Zinakisia matokeo baina ya watu wanaocheza katika kundi moja kwa wakati mmoja: anayemzidi mwenzake alama 100 anatarajiwa kupata kama asilimia 64 ya pointi wanazogombea, na anayemzidi alama 200 kama asilimia 76. Kwa hivyo alama za mchezaji zinasomeka tu zikiwekwa karibu na za wapinzani wake wa wakati ule. Fischer alipokuwa na 2785, aliyemfuata alikuwa Boris Spassky, bingwa aliyemvua ubingwa Reykjavik, mwenye 2660, na hapakuwa na mwingine duniani aliyevuka 2700. Carlsen alipokuwa na 2882, waliovuka 2700 walikuwa zaidi ya 40, na Levon Aronian alikuwa nyuma yake kwa alama 67 tu. Ukihesabu masafa, Fischer anamshinda kila mtu.

Hata hayo masafa yanataka uangalifu. Pengo la alama 125 lilimtabiria Fischer asilimia 67 mbele ya Spassky. Katika pambano lao alipata pointi 12½, na tukiuacha kando mchezo wa pili ambao hakuutokea na akapewa kushindwa, ilichezwa michezo 20 kweli, ambayo ni sawa na asilimia 62½. Huo ni ushindi mkubwa, lakini unaonyesha kwamba alama za kilele huchukuliwa mchezaji akiwa katika mbio zake nzuri kabisa, nazo hupungua mara anapokutana na mpinzani mmoja aliyejitayarisha kwa ajili yake tu.

Kipimo cha pili ni kompyuta. Programu za leo zinawashinda binadamu wote, hivyo watu huzipa michezo ya zamani zihesabu makosa. Mwaka 2006 watafiti wa Slovenia, Matej Guid na Ivan Bratko, walichambua kwa njia hiyo michezo ya kugombea ubingwa wa dunia, na aliyetokea kuwa na makosa madogo kuliko wote alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa miaka ya 1921 hadi 1927. Ninampenda sana Capablanca na ninawafundisha wanafunzi wangu michezo yake ya hatua za mwisho, lakini matokeo hayo yana sababu iliyo wazi: yeye aliupeleka mchezo kwenye hali tulivu, ambako hatua nzuri huonekana mapema na kosa huwa dogo. Mchezaji anayechagua hali ngumu, ambamo kila upande unaweza kushinda, atahesabiwa makosa zaidi hata kama mpinzani wake ndiye anayezidi kupotea. Kompyuta pia inawapendelea walioikuta. Carlsen amekua akijifunza nayo, na usahihi wake ni mkubwa kuliko wa bingwa yeyote wa zamani. Naamini kwamba Carlsen wa 2014 akikalishwa mbele ya Kasparov wa 1990, atashinda. Hilo linajibu nani ana elimu zaidi ya sataranji. Ukubwa ni suala jingine.

Kipimo kilicho sawa tunacho wenyewe. Fundi wa bao katika mitaa yetu hajengi jina kwa ushindi mmoja wala kwa kusimulia aliowafunga zamani. Jina lake linasimama kwa sababu kila anayekuja na uwezo, awe wa Makunduchi au wa Wete, anakaa naye, na kesho yake anakaa naye tena. Bingwa wa sataranji nami ninampima hivyo: alikutana na nani, mara ngapi, akiwa na nini cha kupoteza, na kwa miaka mingapi.

Kwa kipimo hiki Emanuel Lasker wa Ujerumani anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Alishika ubingwa tangu 1894 hadi 1921, miaka 27 ambayo hakuna aliyeifikia, na mwaka 1924 mjini New York, akiwa na umri wa miaka 55, alichukua nafasi ya kwanza mbele ya Capablanca na Alekhine, mabingwa waliomfuata. Kinachomrudisha nyuma ni kwamba baada ya 1910 hadi alipoupoteza 1921 hakuutetea ubingwa wake hata mara moja, ingawa vita vya dunia vilikula sehemu ya miaka hiyo.

Fischer ni mfano mgumu zaidi. Mwaka 1971 aliwafunga Mark Taimanov na Bent Larsen kwa 6–0 kila mmoja, jambo ambalo kwa kiwango kile halikuwa limewahi kutokea, kisha akamtoa Tigran Petrosian, bingwa wa zamani. Baada ya kumshinda Spassky hakucheza tena mchezo wa ushindani kwa miaka ishirini, na mwaka 1975 alinyang'anywa ubingwa bila kukaa mezani na mpinzani wake, Anatoly Karpov, ambaye ndiye aliyepewa. Tunayo miaka yake mitatu ya ajabu, na Karpov ndiye swali ambalo hakulijibu.

Kasparov alilijibu mara tano. Pambano lao la kwanza lilianza Moscow mwezi wa Septemba 1984, kwa sharti kwamba atakayeshinda michezo sita ndiye bingwa. Karpov alifika 5–0, akabakiwa na ushindi mmoja tu. Kasparov, kijana wa miaka 21, aling'ang'ania sare moja baada ya nyingine, akaanza kushinda mwenyewe, na pambano lilisimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48, ambayo 40 kati yake ilikuwa sare, matokeo yakiwa 5–3. Mwaka huohuo walirudi mezani, na katika mchezo wa 16 Kasparov, akicheza na kete nyeusi, alimpandisha farasi wake hadi mraba wa d3, ndani kabisa ya kambi ya Karpov. Wachambuzi humwita farasi yule pweza, kwa kuwa mikono yake iliziba miraba ambayo kete za Karpov zilihitaji ili zitoke. Alilala pale mpaka akamlazimisha Karpov atoe malkia wake. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, nianze na mchezo gani?", ninampa huo.

Walirudiana tena mwaka 1986, kisha 1987 mjini Seville, ambako Karpov alishinda mchezo wa 23 na kumwacha Kasparov akihitaji kushinda mchezo wa 24, wa mwisho, ili abaki na ubingwa. Wengi wangeshambulia kwa pupa. Kasparov alifungua taratibu, akaziacha kete nyingi ubaoni, akamwacha Karpov apungukiwe na muda, na siku ya pili yake, akiwa mbele kwa askari mmoja, akashinda katika hatua ya 64. Pambano la tano lilikuwa mwaka 1990. Jumla yake ni michezo 144: Kasparov alishinda 21, Karpov 19, na sare zilikuwa 104. Kuna wanaosema tofauti ya michezo miwili ni ndogo mno. Mimi ninaiona kuwa ni uthibitisho wa ukubwa wa yule aliyekuwa upande wa pili wa meza, na Kasparov hakumkimbia.

Carlsen ameongoza orodha ya FIDE mfululizo tangu Julai 2011, na baina ya 2018 na 2020 alicheza michezo 125 ya muda mrefu bila kufungwa. Alitetea ubingwa mara nne, ingawa mwaka 2016 mbele ya Sergey Karjakin na mwaka 2018 mbele ya Fabiano Caruana alimaliza michezo 12 kwa usawa, akaokolewa na michezo ya kasi, ambayo yeye ni hodari wake. Kisha mwaka 2022 alitangaza kwamba hatautetea tena, akasema hana hamu nao. Ni haki yake, lakini mwenye kukataa kiti akiwa bado na nguvu amewaachia waliobaki hoja dhidi yake.

Kasparov naye ana doa. Mwaka 1993 alijitenga na FIDE na kuugawa ubingwa wa dunia kwa miaka 13. Alexei Shirov, aliyemshinda Vladimir Kramnik mwaka 1998 ili apate nafasi ya kumkabili Kasparov, hakuipata, na Kramnik ndiye aliyekalishwa mbele ya Kasparov mjini London mwaka 2000, akamvua ubingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja. Kwa kipimo changu mwenyewe suala la Shirov ni zito, na ndilo linalompunguzia Carlsen umbali kutoka nafasi ya kwanza.

Baada ya Kasparov na Carlsen ninamweka Lasker, na wa nne ni Karpov, mbele ya Fischer, jambo ambalo najua wazee wangu hawatalikubali. Karpov alipewa ubingwa bila kucheza, na tangu siku ile akacheza kila mahali na kila mtu. Mwaka 1994 mjini Linares, akiwa na miaka 42, alipata pointi 11 katika michezo 13 bila kufungwa, pointi 2½ mbele ya Kasparov na Shirov waliofuata.