Je, wajua faili moja dogo linawezaje kubadilisha blogu nzima?

Blogu inayoendeshwa na WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, ina maelfu ya mafaili nyuma ya pazia. Sasa mtu anaongeza faili moja tu, lenye mistari isiyofika ishirini, na palepale kila makala kwenye blogu hiyo inaanza na maneno "Muda wa kusoma: dakika 4". Hajafungua faili lolote kati ya yale yaliyokuwapo, wala hajafuta au kuhariri kitu. Imewezekanaje?

Faili hilo ndilo tunaloliita plagini. Wengine husema programu-jalizi. Siri yake haimo ndani ya plagini. Imo ndani ya WordPress yenyewe, ambayo imeandikwa iwe na tabia moja ya kiungwana: inapoandaa ukurasa, husimama mahali pengi njiani na kuuliza kama kuna mwenye neno. Akiwapo, inampisha, anafanya lake, kisha safari inaendelea. Asipokuwapo, inapita. Kila kituo cha namna hiyo kina jina lake, na waandishi wa programu hukiita ndoano, kwa sababu ndipo unapotundika kazi yako.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. WordPress ilitolewa tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, waliojenga juu ya programu ya blogu iliyotangulia iitwayo b2. Siku zile, aliyetaka blogu yake ifanye jambo la ziada alilazimika kuingia kwenye msimbo wa WordPress, yaani maagizo yanayoiendesha, na kuandika humohumo. Toleo jipya likitoka, mafaili mapya yanafunika ya zamani na kazi yake yote inafutika. Akiogopa kupandisha toleo, anabaki na mianya ya usalama ambayo wenzake wameshaiziba. Mfumo wa plagini ulikuja na toleo 1.2, Mei 2004. Plagini ya kwanza rasmi, Hello Dolly, ilikuwa na kazi ndogo mno: kuonyesha mstari mmoja wa wimbo, uliochaguliwa kwa bahati nasibu, juu ya ukurasa wa msimamizi. Kwa miaka mingi ilikuja pamoja na kila WordPress mpya, na watu wengi walijifunza kuandika plagini kwa kuifungua na kuisoma. Ni njia nzuri ya kuanza hata leo.

Tuione basi plagini yenyewe kwa karibu. Hii hapa inahesabu maneno ya makala na kumwambia msomaji itamchukua dakika ngapi:

<?php
/*
Plugin Name: Muda wa Kusoma
*/

add_filter( 'the_content', 'mwk_weka_muda', 5 );

function mwk_weka_muda( $makala ) {
    if ( ! is_singular( 'post' ) ) {
        return $makala;
    }
    $maneno = str_word_count( strip_tags( $makala ) );
    $dakika = max( 1, ceil( $maneno / 200 ) );
    return '<p>Muda wa kusoma: dakika ' . $dakika . '</p>' . $makala;
}

Hiyo ni plagini kamili. Ihifadhi kama muda-wa-kusoma.php, iweke kwenye folda ya wp-content/plugins, kisha iwashe kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa msimamizi. Lugha yake ni PHP, na kama unavyoona, PHP haijali ukiita vitu vyako kwa Kiswahili. Nakushauri ufanye hivyo unapojifunza, kwa kuwa utatofautisha kwa urahisi maneno uliyoyatunga wewe na yale ya WordPress.

Mistari ya juu ina jambo la kushangaza. "Plugin Name" imewekwa kati ya /* na */, yaani ndani ya maelezo ambayo PHP huyaruka bila kuyasoma. Ila WordPress huyasoma. Unapofungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi, inapita kwenye ile folda na folda ndogo zilizo ndani yake, ngazi moja tu, na kuchungulia kilobaiti 8 za mwanzo za kila faili la PHP ikitafuta jina hilo. Ikilipata, faili linatambulika kuwa plagini. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, jina la faili linaandikwa kwenye orodha ndani ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa za blogu, na kuanzia hapo, kila mara WordPress inapoandaa ukurasa, huipitia orodha hiyo na kusoma upya faili moja baada ya jingine. Ndiyo maana ukibadilisha mstari mmoja na kuhifadhi, badiliko kwa kawaida linaonekana mara moja.

Sasa mstari wa add_filter. Unasema hivi: makala itakapofika kwenye kituo kiitwacho the_content, ipitishe kwanza kwenye fanksheni yangu, yaani kile kifungu cha msimbo nilichokipa jina mwk_weka_muda. WordPress inamkabidhi mwk_weka_muda maandishi ya makala, naye anayarudisha yakiwa na mstari mmoja zaidi juu yake. Neno la kulishika hapa ni return, yaani rudisha. Plagini yangu ya kwanza niliiandika bila neno hilo, na nilipofungua blogu nilikuta vichwa vya habari vipo ila makala zote ni tupu. Moyo ulinipasuka, nilidhani nimefuta kazi ya miaka. Kumbe WordPress ilinikabidhi maandishi, ikasubiri niyarudishe, nikarudi mikono mitupu, nayo ikachapisha hicho nilichokileta.

Kinachonivutia zaidi kuhusu the_content ni kwamba kituo hicho hakikutengwa kwa ajili ya wageni. WordPress yenyewe hupanga foleni palepale pamoja na plagini yako. Kuna fanksheni yake iitwayo wptexturize, inayogeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda kama za vitabuni. Kuna wpautop, inayotazama mistari uliyoiruka na kuifanya aya. Ipo hata moja, tangu toleo 3.0 la mwaka 2010, ambayo kazi yake ni kurekebisha jina la WordPress pale mtu anapoandika p ndogo. Zote zimetundikwa kwa njia ileile unayoitumia wewe, zikisubiri zamu kama wewe.

Na zamu ina maana kubwa. Ile 5 mwishoni mwa mstari wa add_filter ndiyo namba ya foleni. Usipoandika namba, unapewa 10, na mwenye namba ndogo huhudumiwa kwanza. Kwa nini niliweka 5? Kwa sababu ya ng'ombe.

Fanksheni ya PHP inayohesabu maneno, str_word_count, huichukulia alama ile ya juu (') ya kawaida ya kibodi kuwa sehemu ya neno. Kwa hiyo ng'ombe ni neno moja, ng'ambo moja, ng'oa moja. Lakini wptexturize iko kwenye namba 10, na ikishapita, alama ile imegeuzwa kuwa msururu wa &#8217; ambao kivinjari huuonyesha kama alama iliyopinda. Ukihesabu baada ya hapo, PHP inaona "ng", halafu vitu isivyovijua, halafu "ombe". Neno moja limekuwa mawili. Kwenye makala ndefu kosa hilo halibadilishi dakika sana, ila ukiandika plagini inayomhesabia mtu maneno kwa usahihi, mwenye kuandika Kiswahili ataliona mara moja. Ukijiweka kwenye namba 5 unapata maandishi kama mwandishi alivyoyaandika, kabla hayajapambwa.

Ndoano za aina ya pili hazibadilishi kitu, zinatoa taarifa tu kwamba jambo fulani limetokea: makala imehifadhiwa, ukurasa unakaribia kufungwa, mtumiaji ameingia. Hizo hutundikwa kwa add_action, na hapo huhitaji kurudisha chochote. Ukitaka kutuma barua pepe kila makala inapohifadhiwa, au kuweka maneno chini kabisa ya ukurasa, ndiko unakokwenda.

Herufi mwk_ zilizotangulia jina la fanksheni si urembo. Plagini zote zilizowashwa huishi chumba kimoja, na PHP hairuhusu fanksheni mbili za jina moja. Ungeiita weka_muda tu, na plagini nyingine ikawa na jina hilohilo, blogu nzima ingeweza kusimama. Zamani msimamizi aliachwa na ukurasa mweupe usio na neno; tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia barua pepe yenye kiungo maalumu cha kuingilia, na humo anaizima plagini yenye hitilafu.

Kuishi chumba kimoja kuna upande mzito zaidi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Plagini haina uzio. Ikishawashwa, ina uwezo uleule walio nao wenyeji: kusoma hifadhidata yote, kuandika mafaili, kufungua akaunti mpya ya msimamizi. Mfumo haujui kutofautisha mistari yako kumi na mistari ya mwizi. Kwa hiyo chochote kinachotoka kwa msomaji, iwe jina kwenye fomu au neno la kutafuta, kisafishe kabla ya kukihifadhi na kukionyesha. WordPress ina fanksheni tayari za kazi hiyo, kama sanitize_text_field na esc_html. Hazina rasmi ya WordPress ina zaidi ya plagini 50,000, na kabla ya kuwasha yoyote nakusihi utazame ilisasishwa lini mara ya mwisho. Iliyotelekezwa miaka mingi ni mlango ambao hakuna anayeulinda.

Mwisho, jaribu kitu kimoja. Washa Muda wa Kusoma, tazama makala zako zote zikipata ule mstari wa juu, kisha fungua makala yoyote kwenye kihariri kana kwamba unataka kuirekebisha. Hutauona humo. Maandishi yaliyo kwenye hifadhidata hayakuguswa hata herufi. Kilichopita kwenye the_content ni nakala iliyokuwa njiani kwenda kwa msomaji. Zima plagini, fungua ukurasa upya, na makala inasomeka kama ulivyoiandika siku ile ya kwanza.