Kilabuni kwa komoni na ulanzi: yanayosemwa na yaliyokuwapo

Nimekulia Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, nyumba ya tatu kutoka kilabu cha pombe, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi. Huniuma ninaposikia vilabu vile vikisimuliwa kana kwamba vilikuwa mashimo ya walevi. Huniuma vilevile wanapokuja wengine kuvisifu kana kwamba zamani hapakuwa na shida yoyote. Niseme ninayoyajua.

"Kilabu kilikuwa mahali pa wanaume."

Waliojaa kwenye mabenchi wengi walikuwa wanaume, kweli, ingawa kina mama nao walikuwa na kona yao wakitoka shamba. Lakini mwenye pombe alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyeloweka ulezi, akauacha uote, akauanika juani na kuusaga kuwa kimea. Yeye ndiye aliyepika uji wa mahindi na kusubiri upoe kabla ya kutia kimea, maana kimea kikiingia kwenye uji unaochemka kinakufa, na pombe haiivi tena. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari; hamira ya asili huila sukari hiyo na kutoa kileo. Bibi hakuwahi kutamka neno wanga maishani mwake. Alichovya kidole, akalamba, akasema "bado" au "tieni."

Kazi hiyo ilikula siku kadhaa, mizigo ya kuni, na ndoo za maji zilizobebwa kichwani kutoka bondeni. Ndiyo maana wapishi wa kwetu walipeana zamu: wakipika wengi siku moja, kila mmoja anabaki na pipa linalochacha bila mnunuzi. Sare yangu ya shule na za wadogo zangu zilitoka kwenye pipa lile. Anayesema pombe ya kienyeji ilimaliza hela za familia simpingi, nimeziona nyumba hizo. Ila asisahau kwamba hela hiyo ilikwenda kwa jirani, mara nyingi mjane au mama aliyeachwa na watoto, ambaye hakuwa na kahawa wala chai ya kuuza.

"Ulanzi unapikwa kama pombe nyingine."

Haupikwi. Unagemwa. Chipukizi la mwanzi likiwa bado laini hukatwa ncha, mbeta hufungwa hapo kukinga utomvu, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata kipande chembamba upya ili utomvu usizibe. Wala si kila mwanzi unaofaa. Ni aina yake, wataalamu wa mimea huiita *Oxytenanthera*, na Wahehe na Wabena huipanda na kuirithisha kama wengine wanavyorithisha migomba. Kila kichaka kina mwenyewe, na kugema mwanzi wa mtu mwingine ni wizi kama wizi wowote.

Machipukizi huja na mvua, kwa hiyo ulanzi ni wa msimu: unaanza mwishoni mwa mwaka au Januari na kuisha Mei hivi. Kiangazi kilabu kiliishi kwa komoni.

"Ulanzi mtamu ni juisi tu, mtoto apewe."

Hili ndilo ninalotaka lisikilizwe kuliko mengine, kwa sababu bado linafanyika. Ulanzi ulioteremshwa asubuhi ni mtamu na una ladha ya majani mabichi. Lakini hausubiri kuchacha hadi ufike nyumbani. Hamira iko hewani, iko kwenye mwanzi wenyewe, iko ndani ya mbeta iliyotumika jana. Uchachu huanza utomvu unapodondoka, na kufikia mchana kileo kimeshaongezeka. Ukilala unakuwa mkangafu, mkali wa kukunja uso. Kati ya ule mtamu na mkangafu hakuna mstari mtu anaoweza kuuonyesha kwa kidole akasema hapa juisi imeishia. Tulipewa tukiwa wadogo, na waliotupa walitupenda, lakini mtoto wangu simpi.

"Pombe za kienyeji zote ni gongo, na zote ni haramu kisheria."

Gongo hukenekwa, mvuke wake ukapozwa kuwa kileo kikali. Ndiyo pombe ya moshi, na ina sheria yake ya mwaka 1966 inayokataza kuitengeneza bila leseni. Komoni, ulanzi, na kimpumu cha ulezi cha Wanyakyusa kule Rungwe huchachushwa tu. Biashara ya vileo iliwekewa utaratibu wa leseni kwa sheria ya mwaka 1968. Kijijini kwetu mkusanya ushuru alipita na kitabu cha stakabadhi, na bibi alizitunza stakabadhi zake kwenye kopo la Kimbo juu ya dari.

"Walikunywa kwa uvivu."

Wavivu walikuwapo. Lakini pombe nyingi ilinywewa baada ya jembe: mwenye shamba alipika, akaalika majirani, wakalima tangu alfajiri, ndipo pipa likafunuliwa. Asiyelima hakukaa.

"Zamani tulinyweshana chombo kimoja na hakuna aliyeugua."

Waliugua. Kopo moja lilizunguka benchi zima, maji ya kusuuzia yalikuwa ya ndoo ileile tangu asubuhi, choo kilikuwa mbali au hakikuwapo. Kipindupindu kikiingia wilayani, vilabu vya pombe za kienyeji huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa, na wenye mamlaka wana haki kufanya hivyo.

Cha kwetu kilifungwa siku ambayo zamu ilikuwa ya bibi. Pipa lilikuwa limeiva tangu usiku. Mjumbe alikuja asubuhi, akabisha hodi, akamwamkia vizuri, akamweleza. Bibi hakubishana. Alituita tumshikie pipa, akalimwaga nyuma ya jiko, akaliosha, akaligeuza juani. Ada yangu ya muhula ule ililipwa kwa kuuza mbuzi.