Kupasuliwa ili kupunguza uzito: saratani nayo hupungua?

Hapa Malindi tunaambiwa mtu akikatwa tumbo apungue, saratani haimpati tena. Kweli?

Humpata, ila uwezekano hushuka. Cleveland Clinic ya Marekani ilifuatilia zaidi ya watu 30,000 wenye unene uliokithiri, matokeo yakatoka 2022. Katika miaka 10, saratani zinazohusishwa na unene ziliwapata takriban 3 katika kila 100 waliopasuliwa, na 5 katika kila 100 wasiopasuliwa. Lakini haikuamuliwa kwa kura nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Huenda waliopasuliwa walitofautiana na wenzao kwa mengine pia.

Mafuta na saratani wapi na wapi?

Mafuta ya mwilini hutengeneza homoni. Mwanamke akishakoma hedhi, estrojeni yake nyingi hutoka humo, na utando wa ndani wa mji wa mimba huzidi kuchochewa bila projesteroni, homoni nyingine, ya kuutuliza. Ndiyo maana saratani ya mji wa mimba ni miongoni mwa zile zinazoonekana kupungua zaidi baada ya upasuaji. Insulini, homoni ya kudhibiti sukari, nayo hupanda kwa mtu mnene, na insulini hukuza chembe za mwili.

Na ya mlango wa kizazi?

Hiyo ni habari nyingine: huletwa na virusi vya HPV. Hata ukonde vipi, kapimwe, na binti apate chanjo.

Nani hufanyiwa?

Kwa kawaida ni mwenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 35 na zaidi. Mtu wa sentimita 160 hufika hapo akiwa na kilo 90 hivi. Kitambi cha kawaida hakihusiki, kaka zangu.

Mahamri na mbaazi je?

Utakula, kidogo kidogo. Upasuaji mmoja huondoa sehemu kubwa ya tumbo. Mwingine huunganisha kijifuko kidogo cha tumbo na utumbo, na hapo chai ya sukari tele yaweza kukutoa jasho, moyo ukaenda mbio, ukaharisha. Vitamini utazimeza maisha yako yote. Anayekuuzia upasuaji bila kukutajia hilo, mwogope.

Mama amekoma hedhi zamani, sasa anaona matone ya damu. Anasema ni uchovu wa harusi.

Harusi haitoi damu. Mpeleke hospitali wiki hii, awe mnene au mwembamba. Amwambie daktari hedhi ilikoma lini na dawa zote anazotumia, za miti shamba pia. Mara nyingi huwa si saratani, lakini ikiwa ndiyo, ikigunduliwa mapema hutibika vizuri.